Mtoto wa Jicho

Daktari wa Třebíč alimtoa mwezi wa pili,
mtoto wa jicho niliyemlea miaka sita bila kumpa jina.
"Miti ikichipua, utaona," akasema, akanifunga bendeji.
Miti ikachipua. Nikaona.

Kwanza niliona vumbi la nyumba yangu, nikanyamaza.
Kisha dirishani, juu ya mtufaha,
kile nilichozoea kukiita kijindege, kijindege tu,
kumbe kina kifua cha rangi ya tofali lililoiva,
uso mweusi, paji jeupe kama kimebusiwa na chokaa,
na mkia usiotulia, unatetemeka, unatetemeka
mithili ya kidole cha karani anayehesabu noti.
Drahomíra akasema, bila kugeuka toka kwenye sufuria,
"Huyo huja kila mwaka. Huja kabla ya sikukuu ya Jiří."
Kila mwaka!
Na mimi nilikuwa wapi?

Nikanunua daftari. Nikaandika kama mtoto wa darasa la kwanza,
ulimi nje:
Kigong'ota, kisogo chekundu, kwa hiyo dume.
Nyuki bambi, mkubwa, makalio meupe.
Kalunguyeye, alfajiri, akikoroma chini ya kuni
(nilidhani ni Hynek, jirani, amelewa tena).
Paa wawili ukingoni mwa shamba la rapa,
masikio tu, mengine yote ni manjano.
Kekeo: sikumwona, nimemsikia. Je, anahesabika?
Drahomíra akajibu pembeni kwa penseli: Nusu.

Mei, wiki ya kwanza, nikaenda kufungua safu ya viazi.
Pale palikuwa na bati kuukuu; nikaliinua.
Chini yake, amejikunja juu ya joto la udongo,
shaba iliyosuguliwa, urefu wa mkono toka kiwikoni.
Mkono ulijua sepetu lilipo kabla yangu.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, husemwa.
Sepetu langu halikuwa mbali.

Akapepesa.

Niliinama. Magoti yakalia, nikainama.
Kope mbili, ndogo kuliko punje ya ulezi,
zikashuka, zikapanda, pole pole,
kama za mwanafunzi aliyeamshwa katikati ya hesabu.
Na nyoka hana kope. Hilo nililijua tangu shule,
nililijua kama nijuavyo jina la mto wetu,
ila sikuwahi kulitumia.
Mjusi, basi. Mjusi aliyeiacha miguu yake mahali
huko zamani za zamani, asirudi kuichukua.
Na hapa kwetu, mnajua tunamwitaje?
Kipofu.
Waliombatiza hawakuinama.

Sepetu likabaki hewani hadi bega likaniuma.
Nikawa nahesabu kwenda nyuma:
mmoja kisimani, mwaka wa mafuriko.
Wawili chini ya magunia.
Mmoja nilimrushia Hynek juu ya ua kwa ajili ya kuku wake,
mkia ukakatika, ukabaki kucheza peke yake kwenye nyasi,
nasi tukashika viuno, tukacheka:
tazama, nyoka hafi!
Mjusi ndiye aachaye mkia. Hata hilo nililijua.

Nikalirudisha bati taratibu,
kama afunikaye chungu ambacho bado.

Jioni nikaandika: Mjusi asiye na miguu, mmoja. Hai.
Drahomíra akavaa miwani, akasoma.
Alishika penseli muda mrefu.
"Na wale wengine?" akauliza.
Nikapekua daftari mbele, nikapekua nyuma.
Sikujua waandikwe ukurasa gani.

Nje, yule mwenye kifua cha tofali alikuwa bado anahesabu.
Safu ile ya viazi haikupandwa mwaka huu.
Hynek akauliza kwa nini. Nikamwambia: njoo,
lakini njoo bila viatu vya shamba, na usiseme kitu.